Mgagani Uliopanda Mlima

Kaka yangu Mayala ni mtu mzuri, ila akishasema jambo, hata umvute kwa trekta hatoki. Miaka ishirini alishikilia kwamba kaburi la mama liko magharibi ya mlima, chini ya jabali kubwa. Mimi Mbuke, miaka hiyo hiyo, nilisema liko mashariki. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka sabini na nne yeye alikuwa na miaka kumi na moja, mimi saba. Tuliporudi huku nyuma ya Katoro, watu wazima na watoto wetu, pori lilikuwa limemeza kila kitu. Ukoo ukamsikiliza nani? Mwenye ndevu.

Basi kila mwaka tunapanda, tunafyeka chini ya jabali. Mayala anamwaga pombe kidogo, mimi napiga ishara ya msalaba huku nimenuna. Iliniuma kumwombea mama mahali ambapo hayupo. Lakini ushahidi wa alipo sina, nina kumbukumbu moja tu: mama aliolewa kutoka bondeni, na mgagani wa mlimani, ile mboga ya majani, hakuuweza, aliuona mchungu. Akaleta mbegu za kwao kwenye pindo la khanga, akazimwaga nyuma ya nyumba yetu, upande wa mlima jua linakochomoza, na hapo hapo nyumbani ndipo alipozikwa. Nikimweleza Mayala anacheka. Mgagani ni mgagani, anasema, unaota popote penye samadi.

Mwaka juzi akaja Krupa, binti wa Jashvant mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kahama. Anasomea mimea chuo kikuu. Alitaka kujua kama mgagani wa porini unabadilika kadiri unavyopanda mlima, si majani tu, hata vinasaba, yaani ule urithi ambao mmea unaachiwa na wazazi wake. Nikamwambia, mwanangu, hilo hata mbuzi wanalijua, lakini twende. Tulipanda wiki nzima. Kila simu yake ikionyesha tumepanda mita kumi, tunachuma majani, tunatia kwenye bahasha, tunaandika namba. Mshika bahasha nilikuwa mimi.

Mvua zilizofuata alirudi amenyong'onyea. Nilimpa uji kwanza, ndipo akaeleza. Majani yamepimwa na yamejipanga vizuri: chini ukoo mmoja, katikati mchanganyiko, juu ukoo mwingine. Isipokuwa bahasha namba thelathini na nne. Ilichumwa karibu na kilele, lakini asili yake ni ya bondeni. Mwalimu wake anasema bahasha zilichanganywa, na kama ni hivyo, kazi yake yote ya miaka miwili haina wa kuiamini. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama labda mkono wangu uliteleza.

Niliwaka. Mimi, nichanganye bahasha! Nikafungua mdomo nimpe zake, nikaufunga.

"Hiyo thelathini na nne tuliichuma upande gani?"

Akaangalia simu. "Mashariki, mama."

Uji sikuumaliza. Nilimpigia Mayala simu nikamwambia aje na panga na asiulize kitu. Tukapanda, Krupa mbele na simu yake, Mayala nyuma akihema na kulalamikia magoti. Tulipofika palikuwa kichaka kama vichaka vingine, ila mgagani umejaa, majani mapana, tofauti na ule mdogomdogo unaouzunguka. Mayala akaanza kufyeka kwa dharau. Panga likagonga jiwe.

Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kwa kusagiwa. Pembeni, mafiga matatu. Hatua kumi kutoka pale, mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu.

Nililia, wala sioni haya kusema. Nililia na kucheka kwa pamoja. Miaka hamsini mgagani ule ulijimwagia mbegu wenyewe, bila wa kuupalilia, na haukusahau kwao. Krupa naye alilia, sijui kwa ajili ya mama yangu au ya bahasha yake. Nadhani vyote viwili.

Mayala alikaa chini, akaliweka panga pembeni.

"Sasa kule jabalini tulikuwa tunamfyekea nani?"

"Mbuzi," nikamwambia. "Lile lilikuwa zizi la baba yake Stanslaus, jirani yetu. Stanslaus mwenyewe aliniambia zamani, ila ukoo haukuniuliza."

Krupa aliandika kwenye kazi yake kwamba mmea ule ulipandishwa mlimani na mtu, na jina la mtu huyo, Kabula, mama yetu, ameliweka. Mwalimu ameikubali. Sisi, kesho yake baada ya kuliona kaburi, tulirudi na sufuria na unga, tukawasha moto kwenye mafiga yale yale, nikapika mgagani wa mama bila maziwa wala karanga, ili tuijue ladha yake. Mayala akamega tonge, akachovya, akatafuna taratibu huku mimi namtazama.

"Si mchungu," akasema.

Kwa Mayala, huko ndiko kuomba msamaha. Nikampakulia tena.