Mtoto Wangu wa Redioni

Redioni nimezaa mara nyingi kuliko mwanamke yeyote ninayemfahamu. Katika michezo ya kuigiza ya stesheni yetu, mwandishi akiona hadithi imelala anampa mtu mimba, na mimba ikikomaa naitwa mimi. Nimezaa nikiwa malkia, nimezaa nikiwa mfungwa, nimezaa mapacha ndani ya lori la mbao. Wasikilizaji walinibandika jina la Mama Uchungu, na nikienda sokoni wauza mboga wananiomba niwalilie kidogo. Kumbe nyumbani sikuwa na mtoto hata wa kuazima.

Mume wangu ni fundi mitambo wa stesheni hiyohiyo. Hukaa nyuma ya kioo, vipokea sauti masikioni, ananyanyua kidole, nami naanza kulia. Nikimaliza anabonyeza kitufe, na mtoto analia. Mtoto ni huyohuyo mmoja, miaka yote. Fundi alihamia kwetu kutoka stesheni nyingine na alikuja na sauti zake mwenyewe: mlango unaogongwa, mvua ya bati, mbwa wawili na mtoto huyo mchanga. Hulia kwa hasira, kisha hushikwa na kwikwi moja ndogo. Mara tu baada ya kwikwi naingiza kicheko cha mama aliyechoka na kufurahi, na watu majumbani wanafuta machozi. Tulikuwa tukitaniana juu yake. Namwambia, mwanao huyu hakui, mwaka wa ngapi huu yuko kwenye nepi. Naye anacheka.

Basi nikapata mimba yangu mwenyewe, ya tumboni. Nikala kiapo kwamba nitajifungua kwa njia ya kawaida, kwa nguvu zangu. Sikuona vipi Mama Uchungu apelekwe kwenye kisu kama mwoga. Mume wangu alisikiliza, akasema si bora wanipasue tu tujue moja. Nikadhani ni huruma za wanaume. Kliniki mkunga alinipima, akasema mtoto amelala vizuri na mimi sina kasoro, kwa hiyo hakuna sababu ya kupasuliwa. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kila Jumamosi asubuhi mkunga huyo aliwafundisha wajawazito wa uzazi wa kwanza, katika chumba cha nyuma chenye mikeka ya plastiki na mpira mkubwa wa kukalia. Nilikwenda nikidhani nitamsaidia kufundisha. Wenzangu waliponitambua waliomba niwaonyeshe, nami sikujivunga. Nilitoa kile kilio cha malkia mpaka mtu wa chumba cha dawa akaja kuchungulia. Mkunga aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa upole kwamba mwanamke anayelia hivyo huishiwa pumzi kabla njia haijafunguka hata nusu, na kwamba yeye akinisikia redioni huwa anazima. Nilirudi mkekani, mwigizaji mzima, tumbo mbele.

Halafu akaendelea kutushtua. Alisema mtoto akishatoka kazi haijaisha, kuna kondo la nyuma linafuata, nalo husubiriwa. Mimi nilijua mtoto akitoka watu wanapeana hongera na mchezo unaisha. Alisema miguu inaweza kutetemeka yenyewe bila baridi. Alisema wakati wa kusukuma choo kinaweza kutoka, na kwamba yeye hukifuta bila kusema neno. Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka, akachora mstari ubaoni na kuendelea. Katika mimba zote nilizoandikiwa, hakuna mwandishi aliyewahi kuthubutu kunitajia jambo hilo.

Lakini alijua kazi yake, na mimi ni mtu wa kujifunza. Alitufundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo, kama mtu anayepoza chai, bila kelele ya kooni. Alitufundisha kulegeza taya, maana ukikaza juu na chini kunakaza. Tukachuchumaa, tukatembea, tukazungusha nyonga juu ya ule mpira. Kila mmoja alitakiwa aje na mtu wake atakayekaa naye leba. Wenzangu walikuja na waume na dada zao. Mimi nilikuwa peke yangu, kwa sababu kila Jumamosi mitambo ya stesheni iliamua kuharibika. Nilimsema mume wangu, nikamnunia, nikamnyima neno siku nzima. Alijibu kwamba wiki ijayo atakuja, na wiki ijayo waya ukakatika.

Mimba ilipokuwa kubwa mama mkwe alikuja kukaa nasi. Mama wa watu hana makuu, anafua, anapika, ananisugua miguu. Alikuwa na jambo moja tu lililonikera: mchezo wangu ukianza redioni, anatoka kwenda kuanua nguo, hata siku ambayo kamba haina nguo. Nilijua anaidharau kazi yangu, nikamezea.

Mkunga alikuwa ametuambia kila mtu atafute kitu kimoja cha kushika akili yake uchungu ukizidi: picha, wimbo, chochote. Changu nilikijua bila kufikiri. Nilikuwa nimekinakili kwenye simu kutoka studio. Alasiri moja nikauweka sebuleni mpira niliouazima kliniki, nikaukalia, nikafumba macho, nikapumua nilivyofundishwa, kisha nikabonyeza. Mtoto akalia.

Nilisikia vyombo vinaanguka. Mama mkwe alikuwa anapita na beseni, na beseni lilikuwa limemtoka mikononi. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, rangi imemtoka. Nilidhani amepatwa na shambulio la moyo. Aliniambia nizime, nikazima, akauliza nimeitoa wapi sauti ile. Nikamwambia asishtuke, ni sauti ya kazini tu.

"Hiyo si ya kazini, mwanangu," alisema. "Huyo ni mjukuu wangu."

Nilijua mume wangu aliwahi kuoa kabla yangu. Nilijua mke yule alifariki. Niliambiwa aliugua, na mimi, kwa adabu, sikuchokonoa. Sasa mama mkwe, akiwa bado sakafuni kati ya sufuria, alinieleza kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa uzazi. Mwanawe aliingia leba na mashine ya kurekodia begani, mjivuni kama jogoo, anataka sauti ya kwanza ya mtoto. Akaipata. Muda mfupi baadaye damu ikaanza kumtoka mke na haikusimama. Mtoto naye hakumaliza wiki. Kwa miezi mingi baada ya hapo mwanawe alijifungia chumbani anaisikiliza sauti ile, mpaka mama mkwe akaijua kila pumzi, hadi kwikwi ya mwisho. Ndiyo maana vilio vyangu vya uzazi redioni huvikimbia kabla havijafika kwa mtoto.

Nikakumbuka utani wangu. Mwanao hakui. Na yeye nyuma ya kioo, anacheka.

Aliporudi kutoka kazini jua lilikuwa bado halijazama. Alituona tulivyokaa, akaona simu juu ya meza, akajua. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nayajua maneno makali, nimeyasema redioni kwa wanaume wa kila aina. Yote yaliyeyuka. Nilimuuliza tu kwa nini alinificha, na kwa nini, kati ya sauti zote za dunia, alinipa ile.

Alisema kuhusu kuficha, aliogopa nitaogopa. Halafu akasema lile lililonimaliza.

"Baada ya kwikwi kuna sauti ya mama yake. Anauliza kama ni wa kike au wa kiume. Nimeikata hapo, maana baada ya hapo alinyamaza."

Ndipo nilipoelewa kicheko changu kilikuwa kinakaa wapi siku zote. Niliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kwenye michezo yako mama hafi," aliendelea. "Anaamka, anambeba mtoto wake, anakwenda zake. Nilitaka na mwanangu yule awe na mama wa namna hiyo."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nilimrushia kandambili, ikampata begani, kisha nikamkumbatia, na tumbo likatuzuia kusogeleana kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizo. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Nilimwambia Jumamosi anakuja kliniki, na waya ukikatika auache umekatika.

Alikuja. Alikaa mkekani na viatu vyake amevishika mkononi. Mkunga alipoomba maswali aliuliza damu ikitoka nyingi mnafanya nini. Mkunga alimweleza bila kumficha: mtoto akitoka tu mama anachomwa sindano ya kubana kizazi, tumbo linakandwa, damu ya kuongeza ipo, na chumba cha upasuaji kiko mlango wa tatu. Alisema kujifungua kwa kawaida si kujifungua bila msaada. Mume wangu akashukuru, halafu akauliza swali lilelile tena, na mkunga akalijibu tena kama vile halijawahi kuulizwa.

Njiani kurudi aliniambia ukweli wake. Angejitahidi kukaa na mimi. Damu angeivumilia, kelele angezivumilia, alikwishazoea kelele zangu. Ila nikinyamaza hataweza, miguu itamtoa nje yenyewe. Nikamwangalia huyu mume, nikaona balaa lililopo. Nimefundishwa kila Jumamosi kunyamaza. Na sikutaka mtu mwingine yeyote karibu na kichwa changu siku ya kujifungua, si mama mkwe, si dada, nilimtaka yeye.

Uchungu ulinianza asubuhi nikipiga mswaki. Kufikia saa sita mchana nilikuwa leba nimeshikilia ukingo wa kitanda, na nilikuwa na mshangao zaidi kuliko maumivu, ingawa maumivu yalikuwa hayana mfano. Hakuna nilichowahi kuigiza kilichokaribia. Nilikuwa nimeuimba uchungu miaka yote, wenyewe ulipokuja haukuwa na sauti kabisa. Ulinishika kiunoni, ukanikamua kama nguo, nikafungua mdomo na hapakutoka kitu. Mkunga alinisifu, akasema napumua vizuri sana. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa kichwa changu, kijasho kinamtiririka.

"Piga kelele," alininong'oneza. "Hata kidogo. Kama kazini."

Mkunga alimkata jicho. Uchungu mwingine ukaja, nikaufuata kimya, na ulipoondoka niliona macho yake yameshauelekea mlango. Alikuwa ameachia mkono wangu. Niliogopa wakati ule kuliko wakati wowote wa siku ile. Nikakumbuka mkunga hakukataza sauti yote, alikataza ya kooni. Ile ya chini, ya tumboni, aliiruhusu. Basi pumzi iliyofuata niliitoa na mguno. Mguno mbaya, mzito, wa ng'ombe aliyelala, ambao ungemfanya mwongozaji yeyote anifukuze studio. Mume wangu akageuka.

Nikaguna tena, na tena, kila nikitoa pumzi, ili ajue nilipo. Alirudi. Aliinama, akaweka sikio karibu na mdomo wangu, akafumba macho vilevile afanyavyo nyuma ya kioo, na hakuondoka tena. Yalinipata yote tuliyoahidiwa. Miguu ilitetemeka. Lile la choo nalo likatokea, mkunga akafuta bila neno, na wala sikuwa na habari na aibu. Nilisukuma nikiguna, nikihisi ninachanika kama kitambaa, mpaka kitu kikubwa cha moto kikateleza na ghafla nikawa mtupu.

Alikuwa wa kike, na alilia mara moja, kwa nguvu zake zote. Muuguzi alicheka. Mkunga akamweka kifuani kwangu, mzito, ameloa, ananipiga teke. Nilichomwa sindano. Kondo likatoka. Mkunga akakanda tumbo, akaangalia, akasema damu ni ya kawaida na hakuna hata cha kushonwa. Aliyasema kwa sauti ya kutosha ili mume wangu ayasikie.

Hakuyasikia. Hakuwa amemtazama mtoto hata kidogo. Alikuwa ameushika uso wangu kwa mikono miwili, sikio palepale mdomoni, anasubiri, maana mimi kwa uchovu nilikuwa nimeacha kuguna.

"Sema kitu," aliniambia.

Nilivuta pumzi kwa pua.

"Nina njaa," nikasema.

Alinitazama kana kwamba hakuelewa, nikarudia. Ndipo akageuka kumwangalia binti yake.