Sufuria ya Marcelline

Tangu wezi waanze kuingia nyumba za mtaa wao hapo Likasi, Marcelline alikuwa hapati usingizi. Mjane, mlango wa bati, komeo la kamba, alale vipi? Mtaa ulikuwa umekubaliana: anayesikia wezi apige sufuria, wengine waitikie kwa zao, kisha watoke wote. Basi Marcelline alilala na sufuria kitandani, mwiko mkononi. Maskini! Panya akipita, anapiga. Mbuzi akikohoa, anapiga.

Mara ya tatu wanaume walitoka na mapanga, wakakuta paka. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kuanzia hapo wakambandika jina la Insekirite, yaani ukosefu wa usalama, na kwenye bomba la maji ikawa, “Mama Insekirite, leo umeona nini?” Hata Athanase, jirani yake muuza makala, yaani mkaa, mtu mpole kabisa, alimwambia, “Mama, woga wako ndio utatuua, si wezi.” Neno hilo lilimchoma. Akaapa hatapiga tena mpaka awe na hakika.

Hakika! Nani aliwahi kuwa na hakika gizani?

Ijumaa umeme ukakatika. Akasikia nyayo kwa Athanase. Akainua mwiko. Na kama ni Athanase mwenyewe anakwenda chooni? Kesho watanicheka tena. Akaushusha. Kitu kikaanguka kule ng’ambo, akauinua, akaushusha. Mtu akapiga yowe mara moja tu. Marcelline alibaki ameketi, aibu na hofu vinamvuta huku na huku, mpaka kukawa kimya.

Asubuhi alimkuta Athanase kizingitini, mkono umefungwa shuka lenye damu. Baiskeli yake ya kubebea makala haikuwepo. Majirani walikuwa wamejaa uani. Marcelline akajipenyeza katikati yao akilia.

“Baba, unisamehe. Minye nilisikia. Niliogopa mutanicheka.”

Watu wakainamisha vichwa. Fortunée, aliyekuwa akimcheka kuliko wote pale bombani, ndiye aliyejibu.

“Shiye bote tulisikia, mama. Tulisema, Marcelline hapigi, basi hakuna kitu.”

Marcelline akamgeukia Athanase, akingoja matusi. Alistahili, alijua.

“Hata minye niliwasikia wezi mulangoni,” Athanase akasema polepole. “Nikangoja sufuria yako. Haikulia, nikarudi kulala.”