Kiboko cha Jumbe

"Hivi mama Doris, mbona mzee wenu havui shati hata akioga mtoni?"

Perpetua, jirani yake wa kijijini Maretadu, alimwuliza Bernadina hivyo wakiteka maji. Bernadina akajibu tu, "Baridi." Hakutaka kusema kwamba mgongo wa baba mkwe wake, mzee Akonaay, una mistari kama shamba lililopigwa matuta. Ujanani, enzi za Mwingereza, mzee huyo alikosa siku moja ya kazi ya lazima ya kufyeka pori la mbung'o kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Jumbe, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, akamlaza chini mbele ya watu, akamchapa viboko. Akachukua na shamba lao la bondeni, lile lenye maji, akasema mvivu hana haja ya shamba zuri. Mwingereza akaondoka, bendera ikabadilika, shamba likabaki kwa watoto wa jumbe.

Ndiyo maana Modest, kitukuu cha jumbe, alipomposa binti yake Doris, Bernadina alipiga magoti kumshukuru Mungu. Nikolausi, baba wa kijana, alikuwa ameahidi kwamba wakishafunga ndoa, shamba la bondeni ni lao. Tangu afiwe na mumewe, Bernadina alikuwa akilima mawe ya mlimani.

Siku ya kwenda kuonyeshwa nyumba ya wakwe, walimchukua na mzee. Akili yake siku hizi ilikuwa inakuja na kuondoka, lakini utaendaje kwa wakwe bila mkubwa wa ukoo? Wakakaribishwa sebuleni. Doris akaenda jikoni kusaidia. Ukutani, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kilining'inia kiboko kilichopakwa mafuta, kinang'aa.

"Shikamoo, mzee," alisema Nikolausi, pombe imeshamchangamsha. "Huu ndio urithi wa babu yetu. Unaukumbuka?"

Akakitungua, akakichapa hewani.

Mzee Akonaay akaweka kikombe chini polepole. Akavua koti. Akavua shati. Akalala kifudifudi kwenye zulia, mikono mbele.

"Nimekuja, bwana jumbe," alisema. "Mama anaumwa."

Nikolausi akapasuka kwa kicheko, sebule nzima ikamfuata. "Jamani, kumbe bado ana adabu!"

Modest akatoa simu. "Babu, hebu sema tena. Sikuwahi kurekodi."

Bernadina aliiona ile mistari. Dirishani aliyaona pia mahindi ya bondeni, mabichi, yamesimama marefu kuliko mtu. Akacheka na yeye, kidogo.

"Amka, baba, unatuaibisha kwa wakwe."

"Bado hajanichapa," alisema mzee.

Nikolausi, huku akifuta machozi ya kicheko, akainama, akamgusa mgongoni kwa kile kiboko, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi. "Haya, tayari. Inuka ule nyama."

"Asante, bwana jumbe."

Doris alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Hakuna aliyejua ameanza kutazama saa ngapi. Akaliweka sinia sakafuni, akapita katikati ya wageni, akamwinua babu yake. Akamvika shati, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni, na Modest bado ameinua simu.

"Doris," Bernadina alinong'ona, akimshika kitenge. "Mwanangu, shamba."

Doris akamtazama mama yake. Akautoa ule mkono kwenye kitenge chake, akamshika babu, akatoka naye.