Kwaya ya Kumfunika Mama

Musau aliitazama filamu ya dada yake huku kidole hakibanduki kwenye rimoti. Kavenya aliitengeneza kuhusu ugonjwa wa akili wa mama yao, na Jumapili angeionyesha kanisani Msambweni. Mama alikaa nyuma yao.

"Umemlaghai mgonjwa ili utuanike?"

"Tazama kwanza, kaka. Hasira haitaoza, utaila baadaye."

Ikatokea nyumba yao ya Munje, kisha redio kuukuu. Musau akashtuka. Zamani, mama alipopandwa na ugonjwa akapiga mayowe, marehemu baba alifungulia kwaya kwa sauti ya juu, majirani wakawasifu kwa ucha Mungu. Kavenya alikuwa bado mchanga. Nani basi aliyemtobolea siri?

Sauti ya mama ikaanza kusimulia kwenye filamu. Madirisha yalikuwa wazi. Musau akaipunguza upesi.

"Ongeza," mama akasema. "Nilimwambia mimi, tena kwa hiari yangu. Mlinifunika kwa kwaya miaka yote. Leo waache wanisikie."

Musau alimgeukia, akamtazama sana. Kisha akaongeza sauti.