Rangi ya Chumba cha Arobaini

Nchi ya Kandiko ilijengwa kwa namna ambayo mvua ikinyesha, maji yaliwafikia wakubwa yakiwa safi na kuwafikia wadogo yakiwa tope, kwani mji wake wote uliegemea kilima kimoja, mfano wa mtu aliyelala akajifunika shuka nusu mwili: huku juu, nyumba za Wang'aavu zilizopakwa weupe wa maziwa, weupe wa ganda la yai na weupe wa jino la mtoto, hata mgeni akipiga chafya sebuleni ilionekana chafya imefika wapi, na kule bondeni, vyumba vya Wakandika, ambavyo kwa sheria vilipakwa ndani rangi za kiza tu.

Aliyeitunga sheria hiyo ni Mtukufu Bwerere, mtu mnene wa mwili na mwembamba wa haya, na sababu yake ilisomwa hadharani kila mwaka: rangi ya kiza haionyeshi uchafu, kwa hiyo maskini anapumzishwa kazi ya kusugua kuta. Huruma tupu, jamani. Sababu ambayo haikusomwa ni kwamba weupe hupanua chumba, na Bwerere, aliyekuwa mjinga wa mengi lakini si wa hilo, alijua kuwa mtu akishaona nafasi ndani ya nyumba yake, kesho ataanza kuitafuta na nje.

Uhuru ulikuwepo, lakini. Msimamizi wa Kuta, Bwana Chepe, alipita nyumba kwa nyumba na vibao vyake vya rangi akiwachagulisha watu: kiza cha magharibi, kiza cha chungu, kiza cha pangoni, kiza cha usingizi. "Chagua, mama, chagua," alizoea kusema. "Hakuna anayekulazimisha."

Mtoto alipozaliwa katika nchi hiyo, chumba chake kilipakwa upya kabla ya arobaini, tena kwa mkono wa mama mwenyewe, na siku ikifika mtoto alibebwa akazungushwa kuta zote na kutambulishwa kwazo kama kwa wazee wa ukoo: huu wa mlangoni utakulinda, huu wa kitandani utakuegemeza, huu wa jikoni utakuvumilia kelele. Desturi hiyo hata Bwerere hakuigusa. Alichogusa ni rangi.

Sasa, katika uchochoro wa mwisho kabisa wa bonde aliishi Tabwe, aliyekuwa amejifungua binti yake wa kwanza, Zawena. Mtoto alinyonya vizuri, akalala vizuri, akafanya mashavu. Jambo moja tu. Hakumtazama mama yake. Macho yake yalitangatanga chumbani mle kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba ya watu.

"Hanitazami, Bi Mashavu," Tabwe alimwambia mkunga aliyemzalisha. "Namwimbia, namchekesha, ni kama nauchekesha mto."

"Macho yake mazima. Nimemtoa hapo nje kwenye jua, kafuata kidole changu mpaka nimechoka mimi. Ni humu ndani, mwanangu. Wewe mweusi, ukuta mweusi, na hiyo taa yako yenyewe inaona haya. Atakuonea wapi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Ufanyeje nini? Sote tumelelewa hivyo. Mimi mama yangu nilimjua kwa harufu ya kitunguu. Uso wake niliujua baadaye, ukiwa tayari umechoka."

Maneno hayo yalimkaa Tabwe kifuani kuliko maziwa. Alikuwa kijana bado, na uso wake, hata kama hakuna aliyemwambia siku nyingi, ulikuwa mzuri. Hakutaka binti yake aukute umekwisha.

Mumewe, Kibure, alikuwa mchomaji katika tanuri la chokaa iliyopanda kilimani kupaka kuta za Wang'aavu, na kila jioni alirudi mweupe kama kuku aliyeanguka kwenye unga. Jioni hiyo Tabwe alimzuia mlangoni.

"Suruali usiikung'utie nje."

"Kwani leo vumbi limekuwa mboga?"

"Kung'utia hapa kwenye mkeka. Na shati. Na hizo nywele."

Kibure alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akazitazama kuta. "Wakituona watatubomolea nyumba, mama Zawena," alisema taratibu. Kisha akavua shati akalikung'uta kwenye mkeka kwa makini, kama mtu anayepepeta mchele wa sikukuu. Tangu siku hiyo wenzake wa tanurini walimwona akiegemea magunia kuliko uchovu ulivyohitaji.

Asubuhi ya arobaini, mtoto akiwa kwa Bi Mashavu, Tabwe alikoroga chokaa yake akapaka chumba chote kwa brashi ya mkonge, mpako mmoja tu, maana haikutosha miwili. Chokaa, na hili kila aliyewahi kushika brashi analijua, haiingii ukutani na weupe wake. Ikiwa mbichi ni kama maji, na kiza cha chini yake huonekana chote. Huja kung'aa inapokauka, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo. Wang'aavu hawakulijua hilo, kwa sababu wao daima waliingia chumbani rangi imeshakauka na mpakaji ameshaondoka.

Hajasafisha hata brashi, Bwana Chepe akabisha hodi.

"Hongera, mama. Umechagua ipi?"

"Nimepaka niliyoipenda, bwana."

Chepe aliingia. Aliuweka mgongo wa kidole ukutani, akautoa umelowa. Tabwe alijikuta ameukumbatia mlango kana kwamba ndio wanaokuja kuubeba. Msimamizi alikinusa kidole. Akainua kibao kimoja, akakilinganisha na ukuta, akainamisha kichwa huku na huku.

"Kiza cha magharibi," alisema hatimaye. "Inafaa."

Alipofika kizingitini akasimama, bila kugeuka. "Dirisha usilifunge, mama. Ukuta mbichi unataka hewa."

Mpaka leo haijulikani Chepe alijua nini.

Mchana ulipokuwa ukielekea alasiri, kuta zikaanza kukumbuka. Pembe ya dirishani kwanza, halafu ukuta wa kitandani, halafu chumba kizima kikavuta pumzi kikapanuka. Tabwe akamchukua Zawena, akaanza kumtambulisha: huu wa mlangoni utakulinda... Hakumaliza. Mtoto alikuwa ameacha kutangatanga. Alimtazama mama yake kidevu, akampanda mdomo, akampanda pua, akafika machoni, na hapo akatua. Kisha, kwa ufizi mtupu, akacheka.

"Basi ni mimi," Tabwe alisema, machozi yakimwagika. "Ni mimi, mama yako. Nitazame mpaka uchoke."

Wanawake wa uchochoro walikuja kuona mtoto wakaona na kuta. Hakuna aliyeuliza kitu, ila jioni ile waume wengi wa tanurini walizuiwa milangoni mwao. Kufikia msimu uliofuata bonde lilimeremeta kupitia madirisha yake, na Bwerere, akitazama kutoka roshani yake, hakuhuzunika kwa kuvunjwa kwa sheria kama alivyohuzunika kwa kufanana na watu wa chini.

"Weupe umekuwa wa kimaskini," alitangaza. "Tupakeni kiza."

Kilima kizima kikapakwa kiza cha pangoni, ndani na nje. Ndipo Wang'aavu, ambao macho yao hayakuwahi kufanya kazi, walipoanza kugongana ukumbini, kukalia sahani, kuwasujudia watumishi. Bwerere mwenyewe alisimama katikati ya ukumbi wake, mikono mbele, asiweze kusoma uso hata mmoja kujua nani bado anamwogopa.

"Kuna anayeniona?" aliuliza.

"Sisi tunakuona, Mtukufu." Ilikuwa sauti ya mwanamke, mmoja wa wale waliopanda kutoka bondeni kila asubuhi kuja kufagia, nayo ilikuwa na upole ambao mtu humwekea mtoto wa mwenzake. "Sisi tulikulia kizani humu. Nipe mkono."

Akaupokea mkono ule laini, akamwongoza. Wapo wanaosema alimpeleka kitini pake. Wengine wanasema kiti walikipita zamani, na kwamba Bwerere alikuwa bado akiuliza, "Bado hatujafika?" na mwanamke akimjibu, "Taratibu, baba, kuna ngazi za kushuka hapa."