Mgonjwa wa Ng'ambo

Aurelia alimsafisha mumewe shingo kwa maji ya chumvi, akikwepa pale panapodunda. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa ngumi, na chini yake mshipa ulipiga, ukatulia, ukapiga. Siku ya Jumatatu Daktari Agapiti alimshika Aurelia mkono, akaviweka vidole vyake pale pale.

"Unausikia, mama? Huu ndio unaopeleka damu kichwani. Saratani imeuzunguka. Dar es Salaam yupo bingwa anayeweza kukata kipande kilicholiwa, akaunga kwa mshipa wa pajani. Bingwa mwenyewe anaondoka Jumamosi."

"Wasipomkata?"

"Utapasuka wenyewe."

Tangu siku hiyo vidole vya Aurelia vilikataa kusahau. Aliusikia mdundo ule kwenye mpini wa ndoo, kwenye benchi, kwenye kikombe cha uji. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia. Leo ilikuwa Alhamisi, na karatasi ya rufaa ilikosa sahihi moja tu.

Ofisini alimkuta karani Hilari akimenya chungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgonjwa wa wapi?"

"Lupiro."

Hilari akairudisha karatasi bila kuisoma. "Huyo ni wa wilaya nyingine. Hapa hatumsainii mtu wa ng'ambo ya mto."

"Ng'ambo nilivuka jana kwa mtumbwi, pantoni imesimama kwa haya mafuriko ya El Nino. Ofisini kwao wamesema anasainiwa alikolazwa."

"Basi wamekosea."

"Mzee, mshipa haujui mto."

"Mama, mimi nafuata utaratibu. Njoo Jumatatu, bosi atakuwa amerudi semina."

"Jumatatu bingwa hayupo."

"Sasa mimi nifanyeje?" Akarudi kwenye chungwa lake.

Utaratibu, bwana. Mumewe Dionisi amelima mpunga pande zote mbili za mto huo tangu hajaota ndevu, na kodi wamemtoza kote kote bila kumuuliza ni wa upande upi. Leo ndio wanauliza.

Wodini nesi, Sista Restituta, alimvuta pembeni. "Umepata?"

Aurelia akatikisa kichwa.

"Basi kalete kaniki, ile nyeusi. Mfunike mpaka kidevuni. Ikitokea, damu inatoka nyingi kwa mara moja. Kwenye nyeusi haionekani sana, na wagonjwa wengine hawatatishika."

Kaniki alikuwa nayo. Aliivaa alipomzika mama yake. Kwao kaniki ni ya matanga, hafunikwi nayo mtu anayepumua.

Akafungua furushi la safari. Ndani mlikuwa na mashuka mawili meupe waliyoagizwa kwa ajili ya hospitali ya Dar, aliyoyadarizi maua pembeni kwa mkono wake. Dionisi akayatazama. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Tunasafiri lini, mama Dativa?"

"Hawajasaini, baba Dativa."

Akafumba macho. Aurelia akakunjua shuka moja, akamfunika taratibu hadi kidevuni, akalinyoosha mikunjo.

"Mama, nilisema nyeusi," Sista alinong'ona.

"Nimekusikia, Sista. Ikimwagika, ionekane." Hakupandisha sauti. "Na shuka lenyewe silifui. Nitalipeleka kule ofisini. Karani ameniambia nije Jumatatu."

Akavuta kigoda, akaviweka vidole shingoni kwa mumewe, akakaa akisikiliza.