Vidonge vya Nyumba Mbili

Dorca alifika kliniki na kopo la dawa kwapani, amelibana utadhani kuna mtu njiani wa kumpokonya. Na alikuwepo kweli. Perez, mke mwenzake, alikuwa nyuma yake hatua tano, kitambaa kipya kichwani, amemshika mume mkono. Mkono! Mchana kweupe, njia nzima kutoka Dunga, watu wanatazama. Roho ilimuuma Dorca mpaka akasahau kumsalimia mlinzi wa lango.

Na haki ya kuumia alikuwa nayo. Yeye ndiye mikayi, mke wa kwanza, mama wa Enos. Kwa Wajaluo shamba la boma halipandwi mpaka mikayi atie mbegu yake. Absalom, mume wao, alipougua akili mara mbili mwaka wa themanini na nne, nani alikaa naye? Perez wakati huo alikuwa bado anaruka kamba shuleni. Miaka saba sasa Dorca amempa mume kidonge kila jioni kwa mkono wake, pamoja na sahani ya chakula, na nyumba ikatulia. Halafu huyu wa juzi, aliyekuta kumeshatulia, ndiye anashika mkono.

Kilichowaleta siku hiyo ni mikono ya Absalom yenyewe. Alikuwa fundi wa mashua, na tangu mwaka uanze mikono ilimtetemeka, shingo ikakakamaa, mate yakawa yanamtoka akiongea. Nyundo ilikuwa imemshinda. Dorca alikuwa na jibu lake tayari: ni mapishi ya Perez.

Muuguzi, Nasipwondi, alikuwa Mbukusu mrefu asiye na haraka. Safari hii hakumuuliza Dorca kitu. Alivuta kiti akamkabili mgonjwa.

"Mzee Absalom, mwenye kumeza dawa ni wewe. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Dorca akafungua kinywa amjibie, kama siku zote. Nasipwondi akainua kidole, taratibu, kumzuia.

"Nataka mikono yangu," Absalom alisema. "Lakini kule nilikokuwa sitaki kurudi. Kama dawa inaweza kupunguzwa, ipunguzwe. Kama haiwezekani, niambie ukweli."

"Tunaweza kujaribu, pole pole. Ila utahitaji mtu wa nyumbani wa kukuangalia, atuambie mapema ukianza kubadilika. Unamtaka nani?"

"Perez."

Hata hakusita. Dorca akadakia. "Perez anajua nini? Sista, mimi ndiye ninampa kidonge kila jioni. Hata jana nimempa."

"Hata mimi jana nilimpa," Perez akasema kwa sauti ndogo.

Nasipwondi aliweka kalamu chini. Akauliza huyu, akauliza yule, na mambo yakatoka. Wanawake hawa hawakuwa wamesemezana tangu Krismasi. Kila jioni kila mmoja alimpelekea mume sahani yake, kama desturi ilivyo, na Perez, kwa kukionea kijicho kile kidonge kilichompa Dorca ukubwa, alikuwa amejinunulia vyake, vya aina ile ile, katika duka moja la dawa Kaloleni.

"Na wewe, Mzee, ukameza vyote viwili?"

"Ningefanya nini? Kukataa kidonge cha mtu ni kama kukataa chakula chake. Nikikataa cha mmoja, kesho boma haliingiliki."

Nasipwondi alijizuia kucheka, Dorca alimwona. Kisha akaeleza: mikono inatetemeka kwa sababu dawa imezidi; kuanzia jioni hiyo ni kidonge kimoja tu, na Absalom atakiweka mwenyewe. Arudi baada ya wiki mbili. Mikono ikitulia, watakaa tena waamue pamoja kama kuna haja ya kupunguza zaidi. Absalom akakubali. Dorca akaliweka kopo mezani, na Absalom akalichukua.

"Na wa kuniangalia bado ni Perez," Absalom akasema.

"Kwa nini?" Dorca hakutaka kuuliza mbele ya yule. Lilimtoka tu.

Absalom alitazama sakafu. "Yeye hajanifunga kamba."

Mara mbili Dorca alimfunga, na mara zote mbili alilia huku akikaza fundo, maana Absalom alikuwa anaingia ziwani na nguo zake, akisema anakwenda Uganda kwa miguu. Angeweza kulisema hilo pale pale akashinda. Hakulisema. Aibu ya mume haimwagwi mbele ya mke mdogo.

"Basi Perez lazima ajue ugonjwa unavyoanza," Nasipwondi alisema, "na humu ndani anayejua ni mmoja."

Ampe Perez hata hilo! Dorca alitamani anyamaze, amwache achelewe, ndipo wote wajue mke ni nani. Kisha akaiona ile mikono ikitetemeka juu ya magoti, na akasema.

"Anaacha kulala. Anaongea haraka, anahesabu mashua ambazo hajaunda." Akamgeukia Perez. "Lakini kabla ya hayo yote, siku ya kwanza kabisa, atakuja kwako. Atakushika uso akuambie hakuna mwanamke kama wewe dunia nzima. Ukisikia hivyo usifurahi. Mlete hapa mbio."

Aliyasema ili yamchome, na aliona yamechoma. Lakini Perez aliinua macho, na bila ubaya wowote akauliza, "Wewe alikuambia hivyo, Mama Enos?"

"Mara mbili," Dorca alisema. "Siku nyingine zote, hapana."